Mimba ya Masalu

Felisita alipojifungua mtoto wa kiume, watu wa nyumba ile hawakumwangalia yeye. Walimwangalia mumewe.

Masalu alikuwa ameketi nje ameegemea ukuta, tumbo limemtangulia kama la mama aliyekaribia siku zake. Mama yake, Nyanjige, akatoka ndani akijifuta mikono kwenye kanga.

"Mtoto keshatoka. Wa kiume. Haya, unajisikiaje?"

Masalu akajipapasa tumbo, akasikiliza. Kisha akapeleka mkono nyuma, akabandua kipande cha udongo kwenye ukuta wa nyumba yake mwenyewe, akakitia mdomoni.

"Bado," akasema.

Ndani, Felisita alikuwa amelala na mtoto kifuani, anasikia yote. Hakuna aliyekuwa amemletea uji. Uji ulikuwa kwa Masalu.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Pale kijijini Migato, watu wengi wanaamini kwamba mimba ya mwanamke inaweza kumwangukia mumewe. Mke anabeba mtoto, mume anabeba kero. Na ujauzito wa Felisita ulikuwa mwepesi: alipalilia pamba, alichota maji, alikula chochote alichopewa. Masalu ndiye aliyetapika asubuhi. Masalu ndiye aliyelala mchana, aliyechoka kabla ya kushika jembe, aliyetamani harufu ya udongo mvua ikinyesha. Upande wa jikoni, ukuta wa nyumba ulikuwa na shimo la kupitisha mkono, na kuku mmoja alishaanza kutagia humo.

"Ni huruma hiyo," Nyanjige alikuwa akiwaambia majirani. "Hata marehemu baba yake alinibebea mimba. Kwa mume kama huyu, mwanamke anapaswa kushukuru."

Kila siku ya gulio alimnunulia mwanawe udongo wa pemba, ule wa kutafuna unaouzwa kwa wajawazito, akauleta umefungwa kwenye ncha ya kanga. Kipande kimoja kwa Masalu, kipande kimoja kinywani mwake mwenyewe kwa ajili ya njia. Wanawake kisimani walimpongeza Felisita kwa kupata mwanaume mwenye mapenzi. Felisita aliinua ndoo yake kichwani akaondoka. Mwanaume mwenye mapenzi, kwa mawazo yake, angebeba ndoo.

*

Kitovu cha mtoto kikaanguka. Tumbo la Masalu halikuanguka.

Mtoto akaitwa Elia. Akaanza kunenepa. Masalu akazidi kukonda mikono na miguu, tumbo likabaki palepale. Alipotoka nyumbani kwenda zizini alisimama njiani kuvuta pumzi, amejishika kiuno. Watoto wa jirani walimfuata nyuma wakimwigiza.

Maganga, jirani aliyeona mbali kuliko inavyohitajika, ndiye aliyeuliza lile swali, tena mbele ya mashine ya kusaga, penye watu.

"Mimba ya mkewe si imeshatoka? Sasa hii aliyobaki nayo ni ya nani?"

Watu wakaacha kusaga.

Jioni swali lilikuwa limefika kwa Nyanjige, na Nyanjige hakulicheka. Ukilifikiria kwa hesabu zao, lilikuwa swali la haki. Kama mimba ya mke humwangukia mume, na mke ameshajifungua, na mume bado anatapika, basi kuna mwanamke mwingine mahali fulani anatembea mwepesi.

Kazi ikabaki kumtafuta aliye mwepesi. Wakampata Scola, mjane anayeuza maandazi njiapanda, kwa sababu mbili. Ya kwanza, alikuwa anacheka sana. Ya pili, aliwahi kutapika msibani. Kwamba waombolezaji wengi walitapika siku ile, maharage yakiwa yamelala tangu jana, hilo halikumsaidia.

Mzee Ngeleja, baba mkubwa wa Masalu na mkubwa wa ukoo, akatangaza kikao. Jumapili, baada ya ibada. Masalu ataulizwa. Akikiri, atatoa dume lake jeusi la ng'ombe kama faini, wazee walile, jambo liishe. Akikataa, atatoa dume hilo kwa kukataa.

*

"Ni nani?" Felisita aliuliza. Alikuwa anamnyonyesha Elia, hakuinua macho.

"Mama Winnie, sijui," Masalu akamjibu mkewe.

"Hujui kama yupo au hujui jina?"

Masalu alikaa kwenye kigoda, anahema kwa sababu alikuwa amevuka ua. "Nimejaribu kukumbuka," akasema. "Nimekaa nimewaza tangu juzi. Sikumbuki mwanamke. Lakini tumbo ndilo hili. Labda nilikuwa nimelewa."

"Lini ulilewa?"

"Sijalewa tangu Krismasi ya mwaka juzi."

"Sasa?"

"Sasa ndiyo najiuliza."

Felisita akamtazama kwa mara ya kwanza. Mwanaume huyu alikuwa tayari kukiri. Hakuwa na kosa hata la kuota, lakini watu wazima watano walikuwa wamemwambia ana kosa, na kwake watano ni wengi.

"Sikiliza, Masalu. Ukikubali Jumapili kwamba una mwanamke, mimi nabeba wanangu narudi kwetu Ipililo. Sikai kwenye nyumba ambayo mume anakiri asilolifanya. Leo utakiri Scola, kesho utakiri wizi wa mbuzi."

"Na nikikataa, tumbo nilifiche wapi?"

Felisita akamhamishia mtoto titi la pili. Winnie, binti yao mkubwa, alikuwa amelala mkekani mchana kweupe, anasaga meno kama anatafuna changarawe. Mkono wake ulikuwa nyuma, unajikuna makalio.

*

Asubuhi ya pili yake Masalu alijikokota hadi zizini. Kazi ya jembe alikuwa ameiacha, ng'ombe hakuwaacha. Felisita akamfuata na Elia mgongoni, akiogopa ataanguka kwenye samadi.

Kulikuwa na mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa, aliyebaki nyuma wenzake wakitoka. Manyoya yamesimama, tumbo limeshuka, kichwa kiko chini analamba udongo uliogandia boriti ya zizi. Masalu alimkamata pua, akainua kichwa, na kwa kidole gumba akavuta chini ukope wa jicho.

"Ona," akasema. Sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtu anayejua kazi yake. "Ndani hapa panatakiwa pawe pekundu. Huyu ni mweupe kama karatasi. Damu imekwisha. Ana minyoo huyu."

"Tumbo je? Si ana mimba?"

"Mimba gani? Hajapandwa. Tumbo ni minyoo, na kulamba udongo ni minyoo. Ng'ombe akiishiwa damu hutafuta udongo. Hata kijana wa kuchunga anajua."

Felisita akamtazama mtamba, kisha mumewe. Elia akapiga chafya mgongoni.

"Masalu. Njoo hapa."

"Nini?"

"Inama."

Akainama. Felisita akamshika pua kama alivyoshikwa mtamba, akavuta ukope wa mumewe kwa kidole gumba. Akaangalia. Akavuta na wa pili. Akamgeuza viganja juu, akavilinganisha na vyake.

"Mtamba ana nafuu," akasema.

Masalu hakuelewa mara moja. Alipoelewa, uso wake wote ulifunguka kwa furaha. Hakuwa na mwanamke! Akachomoa chupa ya dawa ya kunyweshea ng'ombe iliyochomekwa kwenye miiba ya zizi, akaanza kuitikisa.

"Nipime kifua. Ile kamba ya kupimia uzito ipo pale. Ukizungusha hapa chini ya kwapa, tunapata kilo, tunajua nimeze kiasi gani."

"Weka chini hiyo chupa."

"Ni dawa ya minyoo, Mama Winnie! Jina lake na la ile ya watu linafanana."

"Na wewe unafanana na ng'ombe, lakini mimi nilikubali kuolewa na mtu. Dawa ya ng'ombe nguvu yake ni ya ng'ombe, haikutengenezwa kwa tumbo lako. Utaniachia watoto wawili na dume la matanga. Na hatujui hata ni minyoo gani. Kesho nampeleka Elia kliniki Bariadi. Utakuja na sisi."

*

Wakaenda wote watatu. Kwenye kituo cha afya, Felisita alitaka kupanga foleni ya wagonjwa, lakini Masalu alishaketi benchi la kina mama wenye watoto wachanga, kwa sababu ndilo lililokuwa na kivuli. Kina mama wakasogea upande mmoja wakimwachia nafasi ya tumbo.

Nesi aliyewapokea aliitwa Veronica. Alimpima Elia, akamchoma sindano, Elia akapiga kelele, akanyamaza. Kisha akamtazama mwanaume.

"Na huyu anaumwa nini?"

Masalu akaangalia sakafu. "Nimeambiwa nina mimba."

Nesi Veronica hakucheka. Alikuwa amefanya kazi muda mrefu. "Ya muda gani?"

"Imepitiliza."

"Hedhi ya mwisho uliipata lini?"

Masalu akamgeukia mkewe kuomba msaada. Felisita akasema, "Nesi, mtazame macho."

Nesi akatazama macho, viganja, ulimi. Pale ndipo uso wake ulipobadilika. Akauliza haraka haraka, na Felisita akajibu kwa niaba ya mumewe: ndiyo, anachoka, ndiyo, moyo unamwenda mbio, anahema akitembea, tumbo linamuuma, anakula udongo.

"Miguu iliwahi kukuwasha? Hapa katikati ya vidole?"

"Msimu wa mpunga, kila mwaka," Masalu akasema. "Tukiingia majarubani."

"Unavaa nini majarubani?"

"Miguu."

"Choo nyumbani kipo?"

Hapo wote wawili wakakohoa. Choo kilikuwepo. Mvua za mwaka juzi kilititia, na tangu hapo watu wa nyumba ile walikuwa wakienda kichakani, nyuma ya majaruba.

Nesi akamkabidhi Masalu kikopo chenye kifuniko na kumwelekeza. Masalu akakishika kwa vidole viwili, akamnong'oneza mkewe, "Kitu changu kama hicho nimwachie mtu baki? Mbaya wangu akikipata si atanimaliza?"

"Kule kichakani unakiacha kila siku bila mlinzi," Felisita akasema, bila kunong'ona. "Nenda."

Kina mama wa benchi wakageukia ukuta, mabega yanawatikisika. Masalu akaenda.

Majibu yalipotoka, yalisema minyoo ya safura, mingi, na damu kidogo kuliko inavyotakiwa kwa mtu anayetembea kwa miguu yake. Nesi Veronica akawaeleza kama anavyoelezea kila siku. Minyoo hii midogo hung'ata ukuta wa utumbo na kunyonya damu. Mayai yake hutoka na kinyesi, huanguliwa kwenye udongo wenye unyevu, na vijidudu vyake hupenya ngozi ya mguu ulio wazi.

"Kwa hiyo haikuingia na udongo niliokula?"

"Hii iliingilia miguuni. Udongo uliutamani kwa sababu damu imepungua. Lakini na wenyewe uache, una mayai ya minyoo mingine ndani yake. Ungetoka kwenye safura ukaingia kwenye mchango."

Akampa dawa ya minyoo, akamwonyesha namna ya kuitumia, na vidonge vya kuongeza damu vya kumeza kila siku hata akijiona amepona. Arudi apimwe tena. Akizimia, au akihema hata akiwa ameketi, au akipata choo cheusi kama lami kabla hajaanza vile vidonge vya damu, asisubiri tarehe. "Vidonge vyenyewe vitakigeuza choo rangi," akaongeza, "hilo lisikutishe."

"Nyumbani nani mwingine?"

Felisita akamtaja Winnie, meno yake na kujikuna kwake.

"Mlete. Kujikuna huko ni minyoo ya aina nyingine, lakini ni minyoo. Nyumba nzima mpimwe na kutibiwa, la sivyo mtakuwa mnarudishiana. Mtoto mchanga asipewe chochote. Wewe unayenyonyesha njoo nikuone kwanza, usijinunulie dukani. Na choo kichimbwe. Dawa bila choo na viatu ni kazi bure."

Akafunga kadi. Kisha, kwa uso uleule mkavu, akamwambia Masalu:

"Mkeo alipokuwa mjamzito nilimpa hapa hapa dawa ya minyoo na vidonge vya damu. Wajawazito wote huwa tunawapa. Wewe uliyesema umemsaidia kubeba, mbona hukuhudhuria kliniki?"

*

Jumapili, kabla hata kwaya haijamaliza, wazee walikuwa wameshafika. Walikuja na kisu kilichonolewa, chumvi kwenye mfuko wa nailoni, na Januarius, fundi wa kuchuna ngozi, ambaye hakuwa wa ukoo ule wala wa ukoo wowote wa karibu. Dume jeusi lilikuwa limefungwa kwenye mti. Lilitazama chumvi.

"Masalu," Mzee Ngeleja akaanza, "sisi hatukuja kwa hasira."

"Naona mmekuja kwa njaa," Felisita akasema.

"Mke wa mwanangu, kikao ni cha wanaume."

"Mimba ni ya wanawake, baba mkubwa. Mmeileta wenyewe kwenye kikao."

Kabla hajajibiwa, Scola akaingia na beseni la maandazi kichwani. Akalitua katikati yao, akajishika kiuno, akasalimia.

"Mwangaluka, wazee. Nimesikia nina mimba. Nimekuja niambiwe vizuri, maana mimi hedhi ilinikoma kabla mjukuu wangu wa kwanza hajazaliwa. Nani kaniona? Simama, ngosha, mwanaume wewe, useme."

Maganga, aliyekuwa amesimama nyuma, akaketi.

Felisita hakungoja. Alijua akiwapa nafasi watazungumza hadi dume liive. "Baba mkubwa, wewe ni mfugaji kuliko wote hapa. Nikuulize. Ng'ombe amekonda, tumbo limeshuka, analamba udongo, ukifunua jicho ni jeupe. Ana nini?"

"Minyoo," Ngeleja akasema, akishangaa swali jepesi vile.

"Hana mimba?"

"Mimba ya wapi?"

"Na akiwa dume?"

Wazee wakacheka. Dume na mimba! Januarius alicheka hadi akakishusha kisu chini.

"Basi mfunue jicho mwanao," Felisita akasema.

Kicheko kikafa. Mzee Ngeleja akasimama, akamwendea Masalu, akamshika pua kwa mazoea ya miaka mingi, akavuta ukope. Akakaa hapo muda. Mzee mwingine akaja akatazama, akaguna. Wa tatu akaja.

"Jamani," Ngeleja akasema polepole. "Tungekuwa mnadani, huyu nisingemnunua."

Felisita akawaambia kila kitu: safura, majaruba, miguu mitupu, kichaka. Alipofika kwenye majaruba, wazee waliangalia miguu yao. Wote walilima upande uleule, na nyuma ya kichaka kilekile walikuwa wakipishana kwa salamu. Mmoja akamgeukia mwenzake akasema, kama mzaha, "Hebu nitazame na mimi." Mwenzake akamtazama. Hakukuwa na mzaha tena. Punde kikao chote kilikuwa kimesimama zizini, wazee wa ukoo wakishikana pua na kufunuana macho, wakibishana juu ya wekundu, na Januarius, ambaye hana ukoo pale, akipita kwa kila mmoja akiomba afunuliwe.

Mzee Ngeleja alionekana mweupe. Alisema ni jua.

"Mnaonekana wengi wenu mna mimba," Scola akasema. "Sasa na yangu mliyonipa, nani atailipia?"

Wazee wakatazamana, na Scola akaendelea.

"Basi nitasema mimi. Mlikuja na nguvu za kuchinja, hizo nguvu zisipotee. Hapa panatakiwa shimo la choo. Asiye mweupe ashike jembe. Maganga, wewe jicho lako nimeliona, ni jekundu kama pilipili. Anza."

Maganga akaanza. Jioni shimo lilikuwa limefika kifuani kwake, na dume jeusi, limefunguliwa, lilikuwa limekula chumvi yote pamoja na mfuko wake.

*

Watu walipoondoka, Felisita alikaa mlangoni akimnyonyesha Elia. Masalu alikuwa ndani, amemeza kidonge chake cha damu, amelala kama mgonjwa, sio kama mzazi. Ilikuwa nafuu kumsikia akikoroma bila kuhema.

Nyanjige akatokea upande wa jikoni. Alisimama mbele ya shimo la ukuta, akalitazama, akamtoa kuku, akaliziba kwa gunia. Kisha akaja akachuchumaa karibu na mkaza mwanawe, akatazama kushoto na kulia.

"Felisita."

"Naam, mayu," Felisita akaitikia, kama mtu anavyomwitikia mama.

Mama mkwe akafungua ncha ya kanga yake. Ndani kulikuwa na udongo wa pemba, umetafunwa pembeni, na meno yaliyoutafuna hayakuwa ya Masalu. Akaudondosha chini. Akamsogezea Felisita uso wake, akavuta ukope mwenyewe kwa kidole.

"Nitazame. Lakini usimwambie mtu."

Felisita akatazama. Hakuhitaji kutazama mara mbili. Akamweka Elia begani, akampigapiga mgongo mpaka akacheua, ili apate muda wa kuuweka uso wake sawa.

"Mayu," akasema, "hongera. Kesho tunaanza kliniki."